Maswali ya Wasomaji: Hudi ya Lenzi na Jua la Pwani

Barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba zinagusa kifaa kimoja kwa sura mbalimbali. Kifaa chenyewe ni hudi ya lenzi, yaani ile pete ya plastiki nyeusi, nyengine ya duara na nyengine yenye kingo zilizokatwa mfano wa petali za ua, inayofungwa mbele ya lenzi ya kamera. Kuna wasomaji wanaoimiliki na hawajawahi kuifunga, na kuna wanaoitarajia ifanye mambo ambayo haikutengenezwa kuyafanya. Kwa kuwa majibu yanategemeana, tumeyaweka pamoja katika toleo hili. Hudi isichanganywe na kifuniko: kifuniko huziba kioo kamera inapokuwa haitumiki, ilhali hudi huvaliwa wakati wa kupiga picha, na mbele yake huwa wazi.

Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa Jambiani, ninapiga picha za wageni ufukweni na za kina mama wanaolima mwani maji yakishakupwa. Kamera yangu ina lenzi ya 18–55 iliyokuja nayo. Asubuhi, nikiipa bahari mgongo, picha zinatoka vizuri. Nikigeuka kuielekea bahari zinapauka, rangi zinakufa, na buibui jeusi linatoka la kijivu. Nimebadilisha kila mpangilio wa kamera bila ya mafanikio. Rafiki yangu ananishauri nitafute hudi, na muuza duka ananiambia hudi ni pambo tu. Nimsikilize nani?

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Msikilize rafiki yako, kwani maelezo yako mwenyewe yanampa haki. Jambiani iko upande wa mashariki wa kisiwa, kwa hiyo asubuhi kila anayeelekea bahari anaelekea jua. Ikifika saa mbili na nusu au saa tatu jua limeshapanda juu ya fremu yako, hulioni tena katika picha, ukadhani limetoka katika hesabu. Halijatoka. Bado linapiga moja kwa moja juu ya kioo cha mbele cha lenzi.

Kila lenzi ina upana wake wa kuona. Lenzi yako ikiwa kwenye milimita 18, katika kamera zenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha) ambazo kwa kawaida huuzwa pamoja nayo, huona takriban nyuzi 75 kutoka pembe moja ya picha hadi pembe ya pili inayoikabili. Ikiwa kwenye milimita 55 huona chini ya nyuzi 30. Kilicho nje ya upana huo hakionekani katika picha, lakini mwanga wake hauna habari na mpaka huo, na ukigonga kioo unaingia ndani ya lenzi bila ya kualikwa. Humo unakutana na vipande vya vioo kumi na zaidi, kila kimoja na nyuso zake mbili. Uso wa kioo kitupu unaokutana na hewa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaoufikia, na mwanga unaorudishwa na uso mmoja hurudishwa tena na mwengine, ukadunda mle ndani mpaka sehemu yake ikaishia juu ya kihisi, pahala ambapo haukuwa na kazi yoyote. Tatizo hili ni la zamani na watu wamelishughulikia. Mwaka 1935 mwanafizikia Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Carl Zeiss nchini Ujerumani, alibuni njia ya kuupaka uso wa kioo tabaka jembamba sana linalopunguza mrudisho huo, na tabaka nyingi za siku hizi huushusha hadi chini ya nusu ya asilimia moja. Hata hivyo jua la uwazi ni kali mno kuliko chochote kilichomo katika picha yako, kiasi kwamba hata hicho kidogo kinachobakia kinatosha kuharibu.

Ulilolieleza kuhusu buibui ndilo linalonishawishi zaidi kwamba chanzo ni hicho. Mwanga uliopotea njia husambaa juu ya picha nzima kwa kiasi kinachokaribiana, lakini madhara yake hayalingani. Tuseme, kwa mfano tu, mchanga unaleta kwenye kihisi mwanga wa kipimo cha 100 na buibui linaleta wa kipimo cha 2. Ukiongeza 4 kila pahala, mchanga unakuwa 104 na hakuna jicho litakalotambua, lakini buibui limekuwa 6, yaani mara tatu ya ulivyokuwa mwanga wake. Ndiyo maana weusi huwa wa kwanza kufa, kisha rangi nzito, kijani cha mwani na buluu ya kanga, hufuata. Mpangilio wa kamera hauwezi kutenganisha 4 za uongo na 2 za kweli, kwa sababu zinapofika kwenye kihisi zimeshakuwa 6. Kwenye kompyuta unaweza kuvuta weusi urudi chini, na mara nyingine picha huokoka, lakini chembechembe hujitokeza kwenye vivuli na rangi haziwi zile zile.

Kabla hujatoa hata senti, fanya jaribio. Simama pahala pako pa kawaida, elekea bahari, na umwombe mwenzako akae mbele yako akitazame kioo cha lenzi. Akiona jua limekigusa kioo, hata kipande chake kidogo, piga picha moja. Bila ya kubadilisha mwendo wa shata (kizibo kinachofunguka kuruhusu mwanga) wala tundu la lenzi (upenyo unaopitisha mwanga), inua kiganja juu ya lenzi, mfano wa mvuvi anayejikinga macho akitafuta ngalawa mbali, na ukisogeze mpaka mwenzako akuambie kivuli kimekifunika kioo chote. Hakikisha vidole havionekani kwenye kioo cha kutazamia, kisha piga ya pili. Zifungue zote mbili kwa ukubwa na utazame buibui na kivuli kilicho chini ya ngalawa. Ukiona tofauti, na kwa maelezo yako naamini utaiona, basi kiganja kimeshakueleza kazi ya hudi.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitilii mkazo. Maji yakikupwa Jambiani, ule uwanja mpana wa mchanga mweupe unaobakia na utandu wa maji juu yake huurudisha mwanga wa jua kutoka chini. Kiganja kinakinga upande mmoja tu. Hudi inakinga juu, chini na ubavuni kwa wakati mmoja. Zingatia pia mwendo wa jua. Visiwa vyetu viko karibu na nyuzi 6 kusini ya ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na tena karibu na wiki ya pili ya Oktoba jua la mchana husimama utosini, na kilele chake kwa saa zetu huwa kati ya saa sita na robo na saa sita na nusu, au hapo hapo karibu. Saa hiyo mpiga picha aliyeilaza kamera sawasawa hana shida na jua lenyewe, kwani hata hudi fupi inalizuia. Shida yake ni mchanga. Saa ngumu ni za baina ya saa mbili na saa nne asubuhi kwa mashariki, na baina ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri kwa magharibi, jua linapokuwa limeinama karibu na ukingo wa fremu. Hudi ya 18–55 ni fupi kwa umbo lake, kwa hiyo saa hizo ifunge, na kiganja au kofia uiongeze juu yake.

Maalim, nakuamkia. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Wete, napiga katika shughuli za wanawake. Nimenunua hudi ya petali kwa bei ndogo, na tangu hapo pembe za picha zangu zinatoka nyeusi. Kwa nini imekatwa vile, na kosa liko wapi?

Dada yangu, petali zile hazikukatwa kwa urembo. Picha yako ni mstatili: katika kihisi kikubwa upana ni milimita 36 na urefu milimita 24, na katika vihisi vidogo vya kamera nyingi uwiano ni huo huo wa 3 kwa 2. Maana yake lenzi inaona kidogo juu na chini, zaidi kushoto na kulia, na zaidi ya yote kwenye pembe. Hudi nzuri inafuata umbo hilo. Petali ndefu mbili hukaa juu na chini, fupi mbili hukaa ubavuni, na mikato yenye kina kirefu huziangukia pembe nne. Ikikaa namna hiyo inaziba nafasi yote isiyotumika bila ya kuigusa inayotumika. Ikizunguka kidogo tu, petali ndefu inahamia pembeni na kuingia ndani ya picha.

Hilo ndilo kosa la kwanza la kulitafuta. Hudi nyingi huingia kwa kuzungushwa mpaka isikike "tak", na ubavuni mwake kuna nukta au mstari unaopaswa kuangaliana na alama iliyo kwenye lenzi. Kama haifiki hapo, au inalegea na kuzunguka katikati ya shughuli, pembe zitaingia giza.

Kosa la pili ni kutumia hudi ya lenzi nyengine. Watengenezaji hutoa namba ya hudi kwa kila lenzi, na ni vyema kwenda dukani na namba hiyo mkononi. Kampuni ya Canon, kwa mfano, hutumia herufi EW kwa hudi za lenzi zinazoona upana, ES kwa za kawaida na ET kwa za masafa, yaani za kuvuta vya mbali: 18–55 yake ya EF-S yenye jina la STM huchukua EW-63C, na 50 mm f/1.8 STM huchukua ES-68. Nikon hutumia HB, kama HB-45 ya 18–55 VR ya zamani. Zile zinazotengenezwa na wengine kwa bei nafuu zinaweza kufanya kazi vile vile, maadamu zimefuata umbo la namba hiyo, kwani kipande cha plastiki nyeusi hakina siri. Kinachotakiwa ni kipimo kuwa sahihi na upande wa ndani using'are. Nuru ikiingia ndani ya hudi inayong'aa itarudishwa kwenye kioo, na hapo umejiletea ulichokuwa ukikikimbia.

Ili ujue kwa hakika kama giza la pembeni ni la hudi, ielekeze lenzi kwenye ukuta mweupe, iweke kwenye upana wake wote, na upige kwa f/3.5, kisha f/8, kisha f/16 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo). Lenzi nyingi zina giza lao la asili kwenye pembe tundu likiwa wazi, na giza hilo hupungua au kutoweka kadiri unavyolifinya tundu. La hudi hufanya kinyume: kwenye f/3.5 ni hafifu na huweza kudhaniwa la lenzi, na kwenye f/16 ukingo wake unakuwa wazi kabisa.

Kwa kuwa kazi yako ni ya ukumbini, nakuongezea mambo mawili usiyoyauliza. Ukitumia flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera, ivue hudi, kwa sababu flashi ile iko chini mno na hudi itatupa kivuli cha duara sehemu ya chini ya picha, mara nyingi juu ya vazi la bibi harusi. Flashi kubwa inayokaa juu ya kamera na kuelekezwa darini haina tatizo hilo. Na usidhani kwamba usiku hudi haina kazi. Taa za wanaorekodi video, zinazosimamishwa ubavuni na kuelekezwa jukwaani, zinaipiga lenzi yako kwa pembe ile ile ya jua la saa tatu, na nguo nyeusi na mapambo ya dhahabu ndivyo vinavyopoteza zaidi. Iache hudi mahali pake, na iwe imefungwa kwa mbele. Naona wapiga picha wengi wakifanya kazi na hudi iliyogeuzwa nyuma juu ya lenzi. Namna hiyo ni ya kuhifadhia mkobani. Haikingi kitu, na inauziba mzunguko wa zumu, wa kuvuta karibu na mbali, ambao mkono unautafuta.

Ninayo lenzi ya 70–300 kwa ajili ya kupiga mchezo wa ng'ombe. Hudi yake ni ndefu na inanichosha kuibeba. Je, inafanya kazi sawa nikiwa kwenye 70 na nikiwa kwenye 300? — Msomaji, Chake Chake

Haifanyi sawa. Hudi ya lenzi ya zumu hupimwa kwa upana wake mkubwa kabisa, kwa sababu ikizidi hapo itaonekana kwenye picha. Ukivuta hadi 300 lenzi inaona sehemu finyu sana, na hudi ile ile imekuwa fupi kwa mahitaji yake. Lakini katika lenzi ya masafa hata hiyo iliyokatwa kwa kipimo cha 70 ni ndefu vya kutosha kuzuia sehemu kubwa ya jua la alasiri, na kama ningelazimika kumshauri mtu anunue hudi moja tu kwa lenzi zake zote, ningemwambia ainunue ya lenzi ndefu. Hapo faida inaonekana waziwazi, kwenye vumbi linaloruka uwanjani na jua linapokaribia kuinama nyuma ya ng'ombe. Zaidi ya hayo, katika uwanja wenye watu wanaosukumana na kukimbia, plastiki ile ndiyo itakayogongwa kabla ya kioo.

Wahandisi waliwahi kulitafutia ufumbuzi jambo uliloliuliza. Canon 24–70 mm f/2.8L iliyotoka mwaka 2002 ilitengenezwa irefuke ikiwa kwenye 24 na ifupike ikiwa kwenye 70, na hudi yake ikafungwa kwenye sehemu ya nje isiyosogea. Kadiri unavyovuta karibu, kioo kinazama ndani zaidi ya hudi, na kinga inaongezeka inapohitajika. Wewe unaweza kupata sehemu ya manufaa hayo kwa kuongeza kipande cha karatasi nyeusi mbele ya hudi unapojua hutashuka chini ya 200.

Upepo ni hoja ya haki. Hudi ndefu hushika upepo, na kama kamera iko juu ya stendi na shata ni ya polepole, picha itatikisika, ivue. Ukiishika mkononi kwa shata ya 1/1000 ya sekunde, ambayo mchezo wa ng'ombe unaitaka, hutaona tofauti.

Nimefunga hudi na bado nikipiga machweo pale Forodhani napata vidoa vya mwanga vya kijani na vya zambarau. Imekuwaje? — Msomaji, Mji Mkongwe

Hudi huzuia mwanga ulio nje ya fremu. Forodhani inaelekea magharibi, na jua unalolipiga likizama liko ndani ya picha; kuizuia nuru yake ni kuizuia picha yenyewe. Hapo hudi imefika mwisho wa uwezo wake na zimebakia njia nyengine. Ondoa filta yoyote, yaani kioo cha ziada kilichofungwa mbele ya lenzi, kwa sababu filta bapa hurudisha taswira ya jua kwa urahisi. Futa kioo, kwani alama ya kidole hugeuka doa kubwa jua linapoikabili. Kisha fahamu kwamba vidoa hivyo hujipanga kwenye mstari unaotoka kwenye jua na kupita katikati ya picha kuelekea upande wa pili. Ukilisogeza jua ndani ya fremu navyo vinasogea, na mara nyingi unaweza kuvipeleka pahala visipoumiza. Au lisubiri tanga la jahazi lilifunike jua kwa nusu: vidoa hupungua sana, na mimi naiona picha hiyo kuwa nzuri kuliko ya jua tupu. Usilitazame jua kwa jicho kupitia kioo cha kutazamia cha kamera, khasa kwa lenzi ndefu. Tumia skrini ya nyuma.

Giza likishaingia na taa za wauza vyakula zikawashwa, irudishe hudi. Taa zilizo nje ya fremu yako zitakuwa nyingi kuliko zilizo ndani.

Mimi ninapiga picha za michezo ya maji kule Paje. Wakati wa kusi manyunyu ya bahari na mchanga vinanirukia. Baadhi ya watu wanasema filta ya kinga inatosha na hudi haina haja. Una maoni gani?

Maoni yangu ni kwamba hudi iwe ya kila siku na filta iwe ya siku za dhoruba tu. Filta ni kioo kingine mbele ya vioo vyako, na huongeza nyuso mbili za kurudisha mwanga. Ile ya bei ya chini isiyopakwa tabaka la kuzuia mrudisho ina ile asilimia 4 yote kwa kila uso. Inazuia chumvi isitue kwenye lenzi, hilo ni kweli, na kwa mtu anayesimama kwenye upepo wa kusi mchana kutwa ni sababu ya kutosha ya kuitumia. Lakini haikingi mwanga wa pembeni hata kidogo, na kamera ikianguka juu ya jiwe filta inaweza kupasuka na vipande vyake vikakikwaruza kioo ulichokuwa ukikilinda, ilhali hudi ya plastiki hupokea pigo, ikapindika au ikavunjika, na kioo kikabaki salama nyuma yake. Manyunyu yanayotoka ubavuni pia huishia kwenye kuta za hudi. Yanayokuja usoni tu ndiyo yanayopita. Kwa hiyo pale Paje wakati wa kusi vaa zote mbili, na unapogeuka kuelekea jua ivue filta.

Jioni usilale na chumvi kwenye kamera. Anza kwa kupuliza mchanga kwa kipulizio cha mpira, kisha pitisha brashi laini, na mwisho ndipo utie matone ya maji ya kusafishia lenzi kwenye kitambaa chake na ufute kwa kuzungusha kutoka katikati. Ncha ya fulana au ya kanga iliyoshinda ufukweni ina mchanga ndani ya nyuzi zake, na punje moja inatosha kulichora lile tabaka nililolieleza. Hudi yenyewe ya plastiki ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uikaushe, ukiangalia zaidi mitaro yake ya kufungia, ambamo mchanga hujificha na kuisaga lenzi kila unapoizungusha.

Je, mwanafunzi asiye na uwezo anaweza kujitengenezea hudi? — Msomaji, Tunguu

Anaweza, mwanangu, na itafanya kazi. Tafuta karatasi ngumu nyeusi isiyong'aa na utepe mweusi. Izungushe kwenye ncha ya lenzi iwe silinda inayobana bila ya kukaza, kwa sababu mota na gia za lenzi nyingi za siku hizi hazipendi kusukumwa. Mwanzoni iache ndefu kuliko inavyotakiwa, sentimita tano au sita mbele ya kioo. Weka lenzi kwenye upana wake wote na tundu kwenye f/16, lenga kitu cha mbali ili ulengaji usijisogeze ukakudanganya, kisha piga picha ya ukuta mweupe au ya mawingu. Pembe nne zitatoka nyeusi. Punguza nusu sentimita, piga tena, na uendelee hivyo mpaka pembe ziwe safi, halafu punguza kidogo tena kwa usalama.

Ukitaka kinga zaidi usiikate silinda yote kwa pamoja. Chora kwa penseli sehemu nne zinazoangukia pembe na uzikate hizo tu, ukiziacha ndefu za juu na chini, na utakuwa umeikata petali kwa kipimo cha lenzi yako mwenyewe. Sharti ni moja: washa kamera, lenga karibu kisha mbali, na uangalie kama ncha ya lenzi inazunguka. Lenzi kadhaa za zamani za 18–55 huzunguka zinapolenga, na petali zikizunguka nazo zitaingia kwenye picha. Ndiyo maana hudi zake za kiwandani ni za duara. Ya kwako pia iache iwe ya duara.

Simu haina pa kufungia hudi. Sisi tunaotumia simu tufanyeje? — Msomaji, Mkoani

Kwanza ifute lenzi, kwa sababu simu hushinda mkononi na mafuta ya vidole juu ya kioo chake huiharibu picha zaidi kuliko jua la pembeni. Baada ya hapo kikinge kioo kwa kiganja au kwa kofia. Kamera kuu ya simu nyingi inaona upana mkubwa, hivyo kiganja kinaingia kwenye picha haraka. Kiweke upande wa jua, kiinue taratibu na uitazame skrini mpaka weupe uondoke na rangi zikolee, kisha ukisimamishe hapo. Kama simu ina kamera tatu nyuma, jua ni ipi inayopiga wakati huo, usije ukaikinga nyengine. Usiku, ukitumia flashi na picha ikatoka na weupe upande mmoja, angalia kava: kava la rangi nyepesi lililoziba karibu na flashi hurudisha mwanga wake kwenye lenzi. Livue, piga tena pahala pale pale, na uzilinganishe picha mbili hizo.